Maji ya Kapkatet Hayafiki Mia

Darasa la Mwalimu sasa ni langu. Jumanne na Alhamisi jioni, nikisimama mbele ya ule ubao katika ukumbi wa kanisa pale Kapkatet, najiona kama mtu aliyevaa koti la mwenzake huku mwenyewe yuko nje ananyeshewa. Na koti lenyewe linanitosha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nitamwita Mwalimu tu, kwa sababu kutoka Roret mpaka Kapkatet sijasikia mtu akimwita kwa jina lingine. Mkewe anamwita Mwalimu. Ng'ombe wake, ningeapa, wanamwita Mwalimu. Wanaoandika habari za wazee huanza na mahali mzee alipozaliwa na baba yake alikuwa nani. Mimi sijui, na sikuwahi kuuliza. Nilimjua nikiwa mtu mzima na familia yangu, muuza mitungi ya gesi, mtu aliyeacha shule kidato cha pili akaamua kurudi kubanana kwenye benchi na vijana wa rika la watoto wa shemeji yake. Yeye alikuwa amestaafu kufundisha sekondari. Wastaafu wenzake walikwenda kupalilia majani chai na kugombana na wajukuu. Yeye akaja jioni kutufundisha kemia sisi ambao shule ilitupita mara ya kwanza.

Siku nilipoingia aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nauza gesi.

"Unaiuza kwa kipimo gani?"

"Kwa kilo, Mwalimu."

"Kwa kilo! Na mbona kitabuni gesi inapimwa kwa lita?"

Nilikuwa nimeuza gesi miaka mingi, mitungi ya kutosha kupasha joto mlima Kenya ukayeyuka, na swali hilo halijawahi kunipita kichwani.

"Basi umekuja mahali pako," akasema. "Kaa hapa mbele, Bwana Mitungi. Siku ukijua kwa nini, utakuwa umemaliza nusu ya silabasi."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Mitungi, na hata mke wangu akalichukua.

Ni mtu mfupi, mwembamba, wa shingo ndefu, na akiandika ubaoni anainuka kwa vidole vya miguu kama anayechungulia dirishani kwa jirani. Sauti yake ndiyo haikulingana na mwili. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba mama wa kuuza mandazi ng'ambo ya barabara alijifunza sheria za gesi bila kulipa karo wala kukaa chini, na ningempa mtihani leo angewashinda watu fulani ninaowajua.

Kitu alichokichukia kuliko ulevi, kuliko hata mvua ya mawe kwenye majani chai, ni namba isiyo na kipimo. Ungeweza kukosea hesabu yote naye akuvumilie. Lakini ukisema jibu ni "mia nne" ukakaa, ulikuwa umejitafutia makubwa.

"Mia nne nini?" angeuliza. "Mbuzi?"

"Sentimita, Mwalimu."

"Sentimita! Kwani unapima kamba?"

"Sentimita za ujazo, Mwalimu."

"Eeh. Sasa umetoka kwa mbuzi, ukapitia kwa kamba, umefika kwa gesi. Pole kwa safari."

Tabia hiyo hakuiacha darasani. Siku moja tuliandamana naye sokoni Roret kununua mahindi kwa Mama Njeri, ambaye watu wake walitoka upande wa kati wakahamia huku zamani, na ambaye maneno hayajawahi kumwishia. Mahindi kwetu yanapimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Mwalimu akauinua wa Mama Njeri, akaugeuza, akaona tako lake limebonyea kwa ndani kama shavu la mtu asiye na meno.

"Mama, mkebe huu si kilo mbili," akasema.

"Mzee, mkebe ni mkebe. Nunua ama upite."

"Hapa ndani pamepungua. Nitie maji nikuonyeshe."

"Utie maji kwa mahindi yangu? Wee! Usinifungulie shule hapa, mimi nilimaliza!"

Watu walikuwa wameshajazana. Mwalimu akaazima dumu la maji la lita tano kwa kijana wa pikipiki, akaenda kando, akajaza mkebe usiobonyea wa muuzaji jirani, akayahamishia kwenye ule wa Mama Njeri, na maji yaliyobaki yakamwagika kwenye viatu vyake mbele ya soko lote. Alinunua mahindi kwa mkebe ule ule uliobonyea, akalipa bei nzima, akaaga. Nilimuuliza njiani kwa nini alilipa. Akasema alitaka Mama Njeri ajue, hakutaka apate hasara. Wiki iliyofuata Mama Njeri alikuwa ameugonga mkebe kwa nyundo kutoka ndani mpaka ukatoa kitambi, na akamtumia Mwalimu salamu aje aupime: "Mwambie sasa ni mimi ninaibiwa."

Kwake joto la kweli lilikuwa Kelvin. Digrii za kawaida alizihesabu kuwa lugha ya redio. Mwezi wa saba, wakati ukungu wa huku unaingia mpaka kwenye soksi, tulikaa darasani tumejifunga mablanketi, meno yakigongana. Yeye akaingia na shati moja.

"Mnaogopa nini? Leo ni Kelvin mia mbili themanini na tano. Zote hizo ni zenu, bure! Na mnalia baridi!"

Cha ajabu ni kwamba ukisikia mia mbili themanini na tano, mwili unapata moyo kidogo. Nimejaribu nyumbani. Mke wangu hakupata.

Kosa letu kubwa, sisi wa jioni, lilikuwa kuzitia hizo digrii za redio ndani ya hesabu. Alituletea puto. Akasema: lina ujazo wa sentimita za ujazo mia tatu, joto likiwa digrii ishirini na saba, tukilipeleka mahali pa digrii mia moja ishirini na saba, presha ikiwa ile ile, ujazo utakuwa ngapi? Nikakimbilia ubaoni. Nikazidisha mia tatu kwa mia moja ishirini na saba, nikagawa kwa ishirini na saba, nikapata elfu moja mia nne na kitu, nikaweka na kipimo kabisa, nikageuka nikingoja kupigiwa makofi.

Mwalimu akaenda mlangoni akaufungua wazi.

"Nafungua," akasema, "puto la Mitungi lipate kutoka."

Kisha akanirudisha pole pole. Ongeza mia mbili sabini na tatu kwa kila upande. Ishirini na saba inakuwa mia tatu. Mia moja ishirini na saba inakuwa mia nne. Mia tatu kwa mia nne, gawa kwa mia tatu: jibu ni mia nne, puto limenenepa kwa theluthi tu, kama mtu aliyetoka harusini. Nilikaa chini nikiwa na aibu na furaha kwa pamoja. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kwenye benchi moja.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane mpaka Chepseon lilikuwa la maji. Vitabu vyote vinasema maji yanachemka kwa digrii mia. Mwalimu alisema hapana. Mia ni ya pwani, ambako hewa yote imelala juu ya maji na kuyakandamiza. Huku kwetu juu milimani hewa ni kidogo, presha ni ndogo, maji hayana wa kuyazuia, yanachemka mapema. Na kwa kuwa hakupenda kuaminiwa kwa mdomo, alileta jiko, sufuria na kipimajoto.

Tulizunguka lile jiko kama watu wanaongoja nyama. Maji yakachemka yakatoa povu. Kipimajoto kikapanda, kikafika tisini na tatu, kikakataa katakata. Mama mmoja wa kanisa aliyepita akatuonea huruma akaongeza makaa. Maji yakaruka nje ya sufuria. Tisini na tatu.

"Hicho kipimo ni feki," kijana mmoja akasema. "Ni vile vya kuuzwa kando ya barabara."

Mwalimu akatoa cha pili mfukoni, alichoazima kiwanda cha chai. Tisini na tatu. Akatoa cha tatu, cha watu wa ushirika wa maziwa. Tisini na tatu na unywele.

"Tuleteeni na cha daktari wa ng'ombe!" mwingine akapiga kelele.

"Hicho kinaishia arobaini na mbili," Mwalimu akajibu. "Kikipasuka hapa, daktari atanipasua na mimi."

Alikuwa mkali juu ya jambo hilo kama mchungaji juu ya ubatizo. Alisema mtu aliyezaliwa huku, akala maharagwe ya huku yanayokataa kuiva mpaka jua linazama, halafu akaandika kwamba maji yake yanachemka kwa mia, huyo amekubali kudanganywa kuhusu jiko la mama yake. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi.

Na mtu huyo huyo, mpenda ukweli, alimdanganya mkewe kila siku juu ya sukari. Daktari alikuwa amemkataza. Akija kibandani kwangu kunitembelea, alikunywa chai ya sukari ya kusimamisha kijiko, kisha akasugua midomo na majani ya mti ili harufu iishe. Nikamwambia Mwalimu, sukari haina harufu. Akasema, "Mama yule anaisikia." Alikuwa hivyo. Aliweza kumtoa mtu machozi darasani kwa ajili ya kipimo, halafu masomo yakiisha anatembea nyuma ya wanafunzi wa kike na tochi yake, mbali kidogo wasimwone kama mlinzi, mpaka wa mwisho afike barabara ya lami.

Katika hao wa kike alikuwako Chepng'eno. Alikuwa mchuma chai, mama wa mtoto mmoja, na alitaka chuo cha uuguzi kuliko vile mimi nilivyowahi kutaka kitu chochote, na mimi nimetaka vitu vingi. Alikuja darasani moja kwa moja kutoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, akaandika kila kitu. Mwalimu akikohoa, ningeshangaa kama hakuandika. Siku ya jiko, yeye ndiye aliyeshika kipimajoto na kututajia namba. Mwalimu hakuwa na mtoto aliyeipenda kemia, na nadhani alimpata pale.

Mtihani wa taifa ukaja. Katika karatasi ya kwanza kulikuwa na swali la chupa ya hewa iliyotumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Tafuta presha mpya. Joto la maji hawakulitaja. Ulitakiwa ulijue. Mimi niliandika mia, nikaongeza mia mbili sabini na tatu, nikaendelea mbele bila kufikiri, maana mkono wangu uliogopa kitabu kuliko ulivyompenda Mwalimu.

Tulipotoka, alikuwa akitungoja langoni. Akaomba aone karatasi. Akasoma swali lile, na nilimwona akilisoma tena.

"Mitungi, uliandika ngapi?"

"Mia, Mwalimu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akamtazama Chepng'eno aliyekuwa mbali kidogo akifunga viatu, akakunja uso kama mtu aliyeng'atwa na meno yake mwenyewe. Hakumuuliza. Sijui kwa nini. Pengine alijua jibu kwa vile alivyomjua.

Matokeo yalipotoka, mimi nilipata B ya kemia, gredi ambayo bado naitaja hata kwa watu wanaonunua kiberiti tu. Chepng'eno alikosa ya chuo kwa nukta chache sana. Hakurudi darasani. Tulisikia amehamia upande wa juu wa shamba la chai, anachuma asubuhi mpaka jioni.

Mwalimu akaanza kupungua. Nisiseme alikonda, kwa sababu hakukuwa na pa kukonda, lakini sauti ilipungua. Mama wa mandazi akaja kuniuliza kama mzee ni mgonjwa. Alikuwa anafika kwenye sehemu ya maji yanayochemka, anasimama, anaangalia ubao, anauacha mtupu. Siku moja niliingia kibandani kwangu nikamkuta amekaa juu ya mtungi mtupu wa gesi, hajaomba chai.

"Nukta chache, Mitungi," akasema. "Swali lile lilikuwa la alama ngapi?"

"Mwalimu, hujui kama aliandika tisini na tatu."

"Nilimfundisha mimi. Najua."

Nilimwambia maneno ya kumtuliza, mengi, na ninajua kuyarefusha. Halikuingia hata moja. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya masomo ya jioni, akamrudishia ufunguo wa ukumbi na boksi la chaki. Mwenyekiti aliniambia baadaye kwamba alimuuliza nani amrithi, naye akajibu bila kusita: "Mpe Mitungi. Huyo hakuwahi kuniamini. Watoto wa watu watakuwa salama."

Nimepewa sifa nyingi maishani, nyingine nimejipa mwenyewe, lakini hiyo sijajua niiweke wapi.

Nikachukua darasa. Sikwenda kwake kumwambia asante wala pole. Nilijiambia kazi ni nyingi, mvua ni nyingi, barabara ya kwake ni ya utelezi. Ukweli ni kwamba nilianza kulipenda. Mtu aliyeuza mitungi nusu ya umri wake akiingia mahali na watu arobaini wakasimama, kitu kinamtokea kwenye mgongo. Mama Njeri akaanza kuniita Mwalimu pale sokoni. Nikamrekebisha mara ya kwanza. Mara ya pili nikaitika.

Wiki hii, Jumanne, nilikuwa nimeandika "100" ubaoni, nzuri, ya duara, Chepng'eno akaingia. Alikuwa amevaa koti la mvua la kuchumia chai, amejiandikisha kurudia mtihani. Darasa likamshangilia. Yeye akatazama mbele, akatazama nyuma ya mlango, kama mtu anayetafuta mbuzi.

"Mitungi, Mwalimu yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Ni mgonjwa?"

Nikamvuta kando, nikamweleza. Nilitarajia alie, au akubali. Badala yake akanitazama kwa hasira.

"Ati kwa sababu yangu? Mimi hiyo swali niliandika mia!"

"Uliandika mia?"

"Sasa ningeandika nini? Kilichonimaliza ni practical, ile karatasi ya maabara. Nilikuwa na homa siku hiyo, nilikuwa naona test tube mbili mahali pana moja. Na nilinyamaza kwa aibu, nikajua Mwalimu amechoka na mimi." Akafunga vifungo vya koti. "Twende."

Nikawapa darasa hesabu za kufanya, tukashuka ule mteremko. Mwalimu tulimkuta kwenye boma la ng'ombe, ameinama juu ya ndoo akichanganya chakula cha ng'ombe wa maziwa, akikipima kwa kikombe. Alipomwona Chepng'eno alisimama wima. Nilidhani atakimbia.

"Chamgei, Mwalimu," Chepng'eno akamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Chamgei," akaitika, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mwalimu, hiyo swali ya maji, mimi niliandika mia."

Akamtazama. Kikombe kikabaki hewani.

"Lakini ulikuwa pale. Ulishika kipimajoto kwa mkono wako."

"Nilishika."

"Ulisoma ngapi?"

"Tisini na tatu."

"Na ukaandika mia."

"Mwalimu, mtihani ni wa Nairobi."

"Hata Nairobi haifiki mia!" Sauti ikamrudia yote kwa mara moja, ng'ombe akaruka, ndoo ikapinduka. "Nani aliwaambia Nairobi inafika mia? Ni tisini na nne, tisini na tano! Mia ni Mombasa! Mia ni Mombasa!"

Chepng'eno akaanza kucheka, nami nikaanza, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akashika nguzo ya boma, akajipangusa macho kwa mkono wenye unga.

"Kwa hivyo hamkuniamini hata mmoja."

"Tulikuamini sana," Chepng'eno akasema. "Mimi maharagwe napika kwa akili yako, naloweka usiku, nafunika. Lakini anayesahihisha hajui Kapkatet ni wapi, Mwalimu. Huyo tulimpatia mia yake."

Mwalimu akakaa juu ya ndoo iliyopinduka. Akasema alikuwa anamwona akipita juu kule na kikapu mgongoni, naye anajificha nyuma ya ghala. Chepng'eno akasema hata yeye alikuwa anamwona, anainama katikati ya majani chai mpaka aondoke. Walitazamana kama watu waliopoteza kitu kimoja wakakitafuta kila mtu upande wake.

"Basi urudi," Chepng'eno akasema. "Urudi kesho kutwa. Watu wanakungoja."

Mwalimu aligeuka akanitazama mimi.

"Mitungi, unaonaje? Nirudi?"

Ilikuwa ndiyo. Jibu ni ndiyo, nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Lakini katikati ya swali na jibu nikauona ule ubao, na watu wakisimama, na Mama Njeri akiniita ng'ambo ya soko, na ulimi wangu, huu ambao haujawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe nao, ukachelewa.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Urudi. Ni darasa lako."

Alikuwa amefundisha watu maisha yake yote. Alikuwa amewasikiliza wakichelewa kujibu, na alijua kila aina ya kuchelewa inamaanisha nini. Akatabasamu. Akaokota kikombe chake chini.

"Hapana, endelea tu," akasema. "Mimi magoti haya hayataki tena ule mlima."

Nilikuwa nimemwona wiki iliyopita, kwa mbali, juu ya ngazi, akifagia majani kwenye paa la tangi la maji.

"Mwalimu..." Chepng'eno akaanza.

"Nimesema magoti." Akampa mkono, akaushika kwa muda. "Wewe soma practical. Usile kabla ya mtihani, na ukiwa na homa usiende kimya, mwambie msimamizi. Umesikia? Kongoi, asante kwa kuja."

Nami akanipa mkono. Ulikuwa na unga na ulikuwa na joto.

Tukapanda kurudi. Huku na huku majani chai yamelowa, na Chepng'eno akatangulia mpaka tulipoiona barabara.

"Ungesema ndiyo," akaniambia, bila kugeuka.

"Nilisema."

"Ulisema," akajibu, akaongeza mwendo.